Mlango wa Mayu Benedikta

Panga la kwanza lilimpata Mayu Benedikta kwenye mkono wa kushoto, kwa kuwa aliuinua kujikinga. La pili lilikuwa linaelekea shingoni. Halikufika, maana mkwewe Apolinaria alikuwa anatoka kwenye bani la kukaushia tumbaku amebeba gogo la kuni begani, na gogo hilo lilitua mgongoni kwa mwenye panga kwa nguvu zote za mwanamke aliyepasua kuni tangu utotoni. Mtu yule, aliyejifunga kitambaa usoni, alianguka kifudifudi kwenye karanga ambazo bibi wa watu alikuwa anazimenya. Akajizoa, akaingia kwenye mahindi akichechemea, na mahindi yakamficha. Apolinaria hakumfuata. Alivua kanga yake akaufunga mkono wa mama mkwe, na kiganja kilikuwa kinaning'inia kwenye ngozi tu.

Sababu ya yote hayo ilikuwa macho. Macho ya Mayu Benedikta, na mayu ni mama kwa lugha ya kwetu, yalikuwa mekundu, na kijiji kizima cha Goweko kilijua hivyo. Sasa nambie, mwanamke amepuliza moto wa kuni tangu akiwa binti, amekesha banini msimu baada ya msimu akichochea ili tumbaku ya familia ikauke vizuri, moshi umemkaa machoni miaka hamsini, ulitaka macho yake yawe na rangi gani? Waliomwita mchawi walikuwa wamevaa sare za shule zilizonunuliwa kwa tumbaku ya mabani hayo hayo. Inatia hasira, na mimi siioni sababu ya kuificha.

Mwanawe Silasi ndiye aliyelia kuliko wote siku ile. Alijitupa chini mbele ya majirani, akaapa kumtafuta mshenzi huyo mpaka Kigoma. Alikuwa mtu wa maneno matamu, mwenye kioski cha simu pale stesheni, na kila Jumapili alimletea mama yake sukari. Jambo moja tu hawakuelewana. Silasi alitaka lile shamba la kando ya reli ligawanywe ili auze fungu lake, na Mayu alimjibu kila mara kwamba watagawana akishakufa. Silasi alicheka akabadilisha mazungumzo.

Hospitali walimaliza kazi ya panga, wakakikata kiganja na kuushona mkono. Mayu alirudi nyumbani amekonda, akakaa kwenye kigoda chake palepale alipokatwa, na watu wakaanza kupita mbali. Baadhi walisema wazi kwamba aliyekuja atarudi, kwa sababu kazi ya namna ile haiachwi nusu. Apolinaria alilisikia neno hilo kisimani, akarudi nyumbani mbio na ndoo tupu.

Ni lazima ujue Mayu alikuwa nani kwake. Apolinaria aliolewa na Emilian, kaka yake Silasi, na Emilian alikuwa mtu mwema mpaka anywe. Akinywa alipiga. Alipiga kwa mkanda, kwa mwiko, kwa chochote kilichokuwa karibu, na siku moja alipompiga mke wake akiwa na mimba kubwa, Mayu aliingia na mchi wa kutwangia akampiga mwanawe wa kumzaa bega mpaka likateguka. Akamwambia, "Ukimgusa tena, naanzia kichwani." Emilian hakumgusa tena mpaka alipokufa kwa homa ya ini. Eustace, mtoto yule aliyekuwa tumboni, sasa ni mtu mzima, yuko migodini Kahama na habari zake ni za nadra. Walibaki wajane wawili katika nyumba moja, na Apolinaria hakuwa na mtu mwingine duniani aliyewahi kumtetea.

Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri kwa ukuta. Emilian aliijenga kwa tofali za kuchoma mwaka mmoja tumbaku ilipopata bei. Mlango hakuweka, pesa ziliishia kilabuni. Palikuwa na kipande cha bati kuukuu kilichofungwa kwa waya, na bati hilo mbwa mwenye haraka angelisukuma kwa pua.

Basi ikaja siku ya mkutano wa walengwa, yaani wale wa kaya maskini wanaopokea ruzuku. Afisa wa ustawi wa jamii, kijana nadhifu mwenye viatu vya kung'aa, aliwaambia kwamba safari hii hakuna ruzuku tupu. Kila kaya imtoe mtu mmoja akajifunze kazi mjini Tabora, ajitegemee. Akataja kazi zenyewe: ushonaji, sabuni, ufugaji wa kuku, mapishi, na kuchomelea vyuma. Wanawake walijipanga kwenye cherehani. Apolinaria aliinua mkono kwenye vyuma.

"Mama, hii ni ya vijana," afisa alisema. "Kwa nini vyuma?"

"Nataka kutengeneza mlango."

"Mlango si unanunuliwa?"

"Ninunulie wewe, baba, mimi nikashone."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Afisa naye alicheka, akaandika jina. Mayu Benedikta peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa pembeni na mkono wake uliofungwa, akimtazama mkwewe kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

Apolinaria alimsihi wahamie wote mjini kwa muda wa mafunzo. Mayu alikataa katakata. "Nikihama watasema nimekimbia kwa kuwa ni kweli," alisema. "Nenda, mwanangu. Mimi nitakaa." Basi Apolinaria akaenda kwa Raymundi, kamanda wa sungusungu, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, akamwomba vijana wake wenye pinde wapite nyumbani kwa zamu. Raymundi alikubali kwa shingo upande. Hata yeye hakuwa na hakika na yale macho.

Mjini alifikia Chemchem kwa binamu yake Dafrosa, na kila asubuhi alitembea mpaka Gongoni, kwenye karakana ya Fundi Naushad. Mzee Naushad alikuwa Mhindi wa Tabora wa tangu enzi za babu yake, mwenye Kiswahili cha hapo hapo na matusi ya hapo hapo, na mikono yake yote miwili ilikuwa na makovu ya kuungua mpaka kwenye viwiko. Hakuwa na subira na mtu. Hakutoa alama wala hongera, alitoa nyundo. Ukimaliza kuunga vyuma, unaviweka chini, unarudi nyuma, na yeye anakuja na nyundo kubwa ya kuvunjia mawe na kuupiga mshono wako kwa nguvu zake zote. Ukivunjika, unaanza upya. Usipovunjika, anaondoka bila kusema kitu, na hiyo ndiyo sifa.

Kazi za Apolinaria zilivunjika mwezi mzima. "Huu mshono?" Naushad aliuliza akiinua vipande viwili vilivyoachana. "Haya ni makamasi, mama Eustace. Chuma hakijashikana, kimepakana tu." Akavitupa kwenye lundo kwa kishindo na vijana wakaangua kicheko. Cheche zilimtoboa kanga, zikamchoma shingo na vifundo vya miguu. Grinda ya kukatia chuma ilimkamata siku moja na kumchana nyama ya paja. Alijifunga tambara akaendelea, kwa kuwa kila mshono uliovunjika aliuona ukivunjika kwenye mlango wa Mayu, na mtu mwenye kitambaa usoni akiingia.

Kulikuwa na kijana mwenzake wa mafunzo aitwaye Lukumani, wa hapo hapo Gongoni, mama yake naye yumo kwenye ruzuku. Lukumani alikuwa na mzaha usio na breki. Asubuhi moja aliuficha ule mkinga-uso wa kioo cheusi unaozuia mwanga wa kuchomelea, na Apolinaria, ambaye hakutaka kupoteza zamu yake kwenye mashine, akachomelea akiwa amekodoa macho matupu. Jioni macho yalimwasha kama yamejaa mchanga. Alilala Chemchem akiugulia maumivu huku Dafrosa akimwekea vipande vya kiazi kibichi, na asubuhi yalikuwa yamevimba, mekundu kama nyama. Alikwenda karakana hivyo hivyo, akamshika Lukumani kola, akamzaba kofi lililompeleka chali kwenye pipa la maji. Kijana akainuka na nondo mkononi. Apolinaria akaokota nyundo. Naushad akaingia kati yao akiwa na kikombe cha chai, na chai haikumwagika.

"Hapa pana umeme na mitungi ya gesi," alisema. "Mkitaka kuuana nendeni uwanjani, mkimaliza mmoja arudi kazini."

Lukumani alitupa nondo. Baadaye, alipoelezwa ni mlango wa nani na kwa nini, aliurudisha ule mkinga-uso mwenyewe, bila mzaha. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyemshikia vyuma vikae sawa wakati wa kuunga.

Lakini macho yale yalikuwa tayari yamefanya kazi yake. Apolinaria alirudi Goweko Jumamosi ile na treni, akashuka stesheni na macho mekundu, na watu wakamwona. Kisimani wanawake walimpisha bila salamu. Silasi alitoka kwenye kioski chake, akasema kwa sauti ya huruma ambayo kila mtu angeisikia, "Shemeji, na wewe macho yamekuwa hivyo? Mama amekurithisha nini?"

Neno hilo lilikimbia kuliko treni. Kesho yake baada ya ibada Raymundi alimwita uwanjani, na kabla hajafungua kinywa jiwe lilitoka kwenye kundi la vijana likampasua paji la uso. Apolinaria aliliokota. Damu ikimtiririka mpaka puani, alitembea mpaka kwa Raymundi akaliweka mkononi mwake.

"Ni moto wa kuchomelea, kamanda. Yatapona wiki hii. Yasipopona, nirushie hili wewe mwenyewe, usitume watoto."

Raymundi alilitazama jiwe, akawatazama vijana, akasema mkutano umekwisha. Wiki ile macho yalipona kweli. Ila Apolinaria alijua sasa kwamba akichelewa, wataanza na mmoja na kumalizia na wa pili.

Mlango aliutengeneza wakati mafunzo yanaelekea ukingoni. Kila mwanafunzi aliruhusiwa vyuma vya kazi moja ya mwisho. Lukumani alitengeneza kitanda, wengine viti. Apolinaria aliunga fremu nene yenye miguu ya kuzama ukutani, akaweka bati zito pande zote mbili na vyuma vya kukingama katikati, bawaba zikafichwa ndani pasipofikiwa na tindo, komeo la ndani unene wa dole gumba, na pete za kufuli upande wa nje. Naushad alikuja na nyundo. Alipiga penye bawaba. Akapiga pembe zote. Akavua shati akapiga katikati mpaka majirani wakatoka madukani kuuliza kuna nini, na jasho likamtiririka mzee wa watu mpaka kwenye viatu. Kisha akaiweka nyundo chini, akaondoka bila kusema kitu. Apolinaria aliingia nyuma ya pipa la maji akalia.

Lukumani ndiye aliyemsindikiza Goweko na mlango ule juu ya lori la mizigo. Waliuzamisha kwenye tofali kwa saruji, wakaweka na nondo madirishani. Watu walikuja kutazama, na Silasi alikuja. Aliugonga kwa kidole, akasema umependeza, akamuuliza mama yake kama sasa atalala usingizi.

"Nimefungwa kama mbuzi," Mayu alilalamika walipoondoka. Lakini alikuwa akilivuta komeo mbele na nyuma kwa mkono wake mmoja, akisikiliza linavyoteleza, na alikuwa anatabasamu.

"Mchana nikiwa kazini usimfungulie mtu," Apolinaria alimwambia. "Mtu yeyote, Mayu. Mimi nikija utaisikia sauti yangu."

"Nimesikia."

Afisa wa ustawi alikuwa ameahidi vifaa kwa watakaohitimu, na ahadi akaitimiza, wakapewa mashine. Apolinaria aliweka kibanda kando ya mashine ya kusaga, ambako palikuwa na umeme, akawa anaunga majembe, mikokoteni na baiskeli. Wanaume waliokuja kwa aibu walirudi kwa mazoea. Msimu wa mvua ulianza, tumbaku ikapandwa, Mayu akanenepa kidogo. Apolinaria alianza kuamini. Ndiyo, alianza kuwa na furaha, na sioni aibu kusema hivyo kwa niaba yake.

Siku ile ilikuwa alasiri, watu wako mashambani wanapalilia. Apolinaria alikuwa anagonga jembe la ng'ombe aliposikia yowe kutoka upande wa nyumbani, na yowe likapokewa shamba kwa shamba. Alikimbia na nyundo mkononi. Alikimbia akijiambia mlango upo, mlango umeshika, watakuta wamegonga wakashindwa.

Mlango ulikuwa wazi.

Haukuwa na hata mkwaruzo. Komeo lilikuwa limevutwa taratibu mpaka mwisho, kama Mayu alivyozoea kulivuta. Apolinaria aliona hilo kabla ya kuona kitu kingine. Ndani, Mayu Benedikta alikuwa sakafuni, bega limepasuliwa mpaka mfupa na shingo inabubujika, na sakafu yote ni damu. Jirani aliyepiga yowe alikuwa amesimama pembeni. Raymundi aliingia nyuma akihema, upinde begani.

"Mayu, nani?" Apolinaria alipiga magoti, akabana shingo ile kwa viganja vyote viwili. "Ulimfungulia nani?"

"Silasi." Sauti ilikuwa ya mapovu. "Alipiga hodi. Akaniamkia, shikamoo mama. Mwanangu ananiamkia, niache kuitikia?"

"Nyamaza, usiseme."

"Wasimuue." Mayu alimshika mkono kwa ule mmoja uliobaki, na ulikuwa bado na nguvu. "Mama Eustace. Watamuua. Usiwaache wamuue."

Alikufa amemshika hivyo. Ilibidi vidole vifunguliwe kimoja kimoja.

Silasi hawakumtafuta sana. Vijana walimkamata kwenye tuta la reli akiwa amefunika shati lenye damu kwa koti, akijifanya anakimbilia yowe kama wengine, na walipoambiwa jina lililotajwa wakamburuta mpaka uani kwa mama yake. Walimpiga njia nzima. Walimpiga kwa mipini ya majembe, kwa fimbo za mikuyati, kwa mateke. Sikio lilikuwa limechanika. Wale wale waliomtupia jiwe Apolinaria sasa ndio walioongoza, na waliomwita Mayu mchawi walikuwa wanalia mama yetu, mama yetu. Binadamu hana haya.

Silasi alipomwona Apolinaria akitoka ndani na nyundo yake, alinyoosha mikono. "Shemeji, lile shamba," alisema. "Nilimwomba kwa wema. Nimemwomba miaka. Yule wa kwanza nilimlipa akanitapeli, kazi akaacha njiani, ndiyo maana ikabidi mwenyewe."

Alisema hivyo, ikabidi mwenyewe, kama mtu anayeeleza shida zake. Apolinaria alimpiga nyundo. Mkono wa Silasi ulivunjika ukasikika, akaanguka, na umati ukashangilia. Nyundo ikapanda tena, safari hii kwa ajili ya kichwa. Kila kitu ndani yake kilitaka kichwa kile. Alikuwa na shabaha, alikuwa na nguvu, na Goweko nzima ingemwita shujaa.

Mkono ulibaki hewani. Alikuwa bado anausikia ule mshiko wa Mayu kwenye mkono wake.

Nyuma yake mtu alikuwa tayari amefika na mabua makavu ya tumbaku na dumu la mafuta ya taa. Apolinaria alimwona, akaangusha nyundo, akamshika Silasi kwa kola, kama alivyomshika Lukumani, akamburuta kwenye damu na matope mpaka kizingitini, akamsukumiza ndani. Akauvuta mlango, akapitisha kwenye pete za nje kufuli lililoning'inia hapo na ufunguo wake, akafunga, na ufunguo akautia kinywani mwake. Ndani alikuwa Silasi na mama yake sakafuni, wawili tu.

Kwa muda watu hawakuelewa. Kisha walielewa, na hasira yote ikageukia kwake.

"Ondoka hapo, mwanamke."

Alitikisa kichwa. Aliegemeza mgongo kwenye chuma. Walimvuta, akang'ang'ania pete za kufuli. Mtu alimpiga fimbo ya mbavu. Mwingine alimpiga jiwe la goti, na goti likakubali kuinama. Walimrusha pembeni hatimaye, wakaanza kuushambulia mlango. Waliupiga kwa mashoka. Waliupiga kwa michi, kwa mawe ya kusagia, kwa gogo lililobebwa na wanaume kadhaa wakikimbia nalo kutoka katikati ya ua. Kila pigo lilimpita Apolinaria kifuani. Alikaa kwenye matope, ufunguo mdomoni, damu ikimjaa ulimi, akiutazama mlango wake, na katika kilindi cha moyo wake aliuomba uvunjike. Aliuomba Mungu auvunje. Angekuwa ametii, na Silasi angekufa.

Mlango haukuvunjika. Bawaba zilikaa. Fremu haikutikisika kwenye tofali. Kati ya nondo za dirisha waliingiza mabua yanayowaka, yakajaza ndani moshi, na Silasi akasikika akikohoa na kuita, "Mayu, Mayu," kama mtoto aliyeamka gizani. Hakuna aliyemwitikia.

Raymundi alikuwa amesimama muda wote mkono kinywani. Sasa alikwenda mbele ya mlango, akachomoa mshale akauweka kwenye upinde, akawageukia watu wake.

"Marehemu amesema asiuawe," alisema. "Nimemsikia kwa masikio yangu. Neno la mwisho la marehemu. Anayetaka kulivunja aanze na mimi."

Waliokuwa na gogo waliliacha lianguke. Wengine walitukana, wengine wakakaa chini palepale uani wakiwa wamechoka, na baadhi, baada ya kukaa, walianza kulia. Askari walifika jua likiwa bado juu ya miti. Apolinaria alitema ufunguo mkononi mwa mmoja wao. Walipomtoa Silasi alikuwa amejifunika kanga ya mama yake kichwani kwa ajili ya moshi. Apolinaria aligeuka asimwone.

Hajamsamehe. Watu wa kanisani wanapenda kusema amemsamehe, wanamtaja kwenye mahubiri, na yeye anawaacha waseme. Silasi yuko mahabusu anasubiri kesi yake. Shamba la kando ya reli lipo na linalimwa. Apolinaria analilima.

Na kazi imekuja, imekuja kwa namna asiyoipenda. Habari zimefika wilaya nzima ya Uyui kwamba kuna mlango Goweko ambao kijiji kizima kiliushindwa. Wanakuja kuutazama. Wanaume hupapasa mabonyeo yaliyoachwa na mashoka, wakaingiza vidole, wakaguna, wakasema mfanyie mama yangu wa hivi hivi. Lukumani amehama Gongoni anafanya naye kazi, na hata Fundi Naushad alikuja siku moja na treni, akauzunguka mlango, akaona pale gogo lilipopiga, akaondoka bila kusema kitu.

Juzi alikuja bibi mmoja kutoka kijiji cha jirani, peke yake, kwa miguu, mwenye macho mekundu. Apolinaria alimpa kigoda na maji. Bibi yule aliusifu mlango, akauliza vyuma vinatoka wapi, akauliza kama atauweza kuufunga na mikono yake hii ya baridi yabisi. Kisha akainamisha kichwa.

"Mwanangu," alisema, "nina vijana watatu, na wote wananisalimu vizuri. Siku mmoja wao akinipigia hodi, nitajuaje amekuja kwa heri?"

Apolinaria aliizima mashine. Lukumani, aliyekuwa anapiga msasa, akaacha kupiga.

"Hilo, mama, mimi sikufundishwa," alimjibu.

Kisha akachukua tepu yake ya kupimia, akamshika bibi mkono, wakaondoka pamoja kwenda kupima mlango wa nyumba yake.